Wakuu, kwa nini wakulima wa Kiingereza wa zamani walizungushia nyumba zao handaki la maji?

#1 Dereva wa Suffolk
Salamu wakuu. Nipo Suffolk, mashariki ya Uingereza, huu mwaka wa tatu, nasambaza mizigo kwa gari dogo. Juzi nikapeleka boksi shamba moja ndani kabisa, barabara nyembamba mpaka matawi yanakwangua vioo. Nikafika kwenye nyumba ya kizamani, mbao na lipu ya waridi kama nyumba nyingi za huku, na imezungukwa na maji pande zote. Siyo ziwa wala mto. Ni handaki la mraba, kona nne kama limepigwa rula, maji ya kijani, bata wanaogelea. Unaingia kwa kidaraja cha matofali cha upana wa gari moja. Kurudi kinyumenyume pale nilisoma dua zote ninazozijua.

Bibi mwenye nyumba akaniambia handaki lina miaka zaidi ya 700. Nikamuuliza lilichimbwa kwa nini, akacheka, akasema kila anayeleta boksi anauliza hivyohivyo.

Usiku nikafungua ramani ya serikali. Kwenye njia yangu ya siku moja nimehesabu kumi na nne, yote yameandikwa kwa herufi za kizamani zenye mikia. Mengine hayana nyumba tena, ni mraba wa maji katikati ya shamba la ngano. Hawa hawakuwa wafalme. Sasa mkulima alikuwa anaogopa nini? Nawasilisha.

#2 Kipanga
Waviking. Uzi ufungwe.

#3 Bi Historia
Kipanga, mahandaki mengi ya aina hiyo yalichimbwa kati ya 1250 na 1350. Mashambulizi ya Waviking, wale wavamizi wa baharini toka Skandinavia, yalikwisha karne ya 11. Umechelewa kama miaka 200 hivi.

#4 Kipanga
Basi Wafaransa.

#5 Bi Historia
Haya. Nilisoma akiolojia huku na nimewahi kushika koleo kwenye matope ya handaki moja, nitaandika kidogo.

Mahandaki ya namna hii Uingereza yanayojulikana ni kama 6,000. Yamejaa zaidi katikati na mashariki ya nchi: Suffolk, Essex, Cambridgeshire, Warwickshire, Worcestershire. La kawaida ni kisiwa cha mraba au mstatili, na juu yake nyumba ya bwana wa eneo, jiko, banda, pengine kanisa dogo. Wenyewe walikuwa makabaila wadogo, mapadri, nyumba za watawa zilizokuwa na mashamba ya mbali, na hata wakulima huru wenye uwezo. Mkuu #1 yuko sahihi, wengi hawakuwa watu wa ngome.

Kwa nini walichimba? Ukikusanya wanaakiolojia watano utapata majibu saba. Kulikuwa na kikundi maalumu cha utafiti wa mahandaki haya tangu miaka ya 1970. Mwaka 1986 kiliungana na wale wanaotafiti vijiji vilivyohamwa, na swali bado wanalo.

#6 Ngosha wa Maswa
Mimi sijafika Ulaya lakini swali hili ni jepesi. Udongo wa huko ukoje?

#7 Dereva wa Suffolk
Mfinyanzi mzito. Mvua ikinyesha buti linabaki chini, mguu unatoka peke yake.

#8 Ngosha wa Maswa
Nilijua. Hiyo kwetu tunaiita mbuga, ardhi ya mfinyanzi inayoshika maji. Ukijenga kwenye mbuga bila kuchimba mtaro, masika utalala na vyura. Unachimba pembeni, udongo unautupia katikati, nyumba inakaa juu, maji yanakaa chini. Halafu yale maji ng'ombe wanakunywa. Hilo ni lambo tu, ila wao wamelizungusha nyumba.

#9 Mama Kibonge
Ngosha kwa malambo, hata Malkia angekuwa na lake ungesema ni la ng'ombe.

#10 Fundi Sifuri
Naomba nipige hesabu, ndiyo kazi yangu. Tuseme kisiwa ni mita 50 kwa 50. Handaki upana mita 8, kina mita 2 katikati, kingo zimelala, kwa hiyo ukilikata unapata kama mita za mraba 10. Urefu wa kulizunguka, ukipima katikati ya handaki, ni mita 232. Udongo wa kutoa: mita za ujazo 2,320.

Mfinyanzi uliolowa, koleo la mbao, mtu mmoja nampa mita 2 za ujazo kwa siku, na hapo nimekuwa mkarimu. Hiyo ni siku 1,160 za mtu mmoja. Watu 20 wanamaliza kwa miezi miwili bila kupumzika Jumapili.

Sasa sikia Ngosha. Huo udongo ukiumwaga wote kwenye kisiwa, kisiwa kinapanda karibu mita nzima. Kwa hesabu hii mimi niko upande wako.

#11 Bi Historia
Fundi, hesabu nimeipenda. Nyongeza mbili na pingamizi moja.

Koleo lilikuwa la mbao lakini ncha yake ilivishwa bati la chuma, vinginevyo mfinyanzi ungeitafuna kwa siku moja. Na kibarua kabla ya tauni ya 1348 alilipwa kama peni moja na nusu kwa siku.

Pingamizi: visiwa vingi vilivyochimbuliwa havikuinuliwa hata kidogo. Viko usawa uleule na shamba la nje. Udongo ulipelekwa kwingine, au ulifanywa tuta upande wa nje wa handaki. Kama lengo lilikuwa kukausha nyumba, unautupaje udongo nje?

#12 Fundi Sifuri
Peni moja na nusu mara 1,160 ni peni 1,740. Pauni yao ilikuwa peni 240. Pauni saba na robo. Na hapo sijahesabu daraja.

Udongo kutupwa nje hilo sina jibu. Labda waliukandika kwenye kuta?

#13 Bi Historia
Kwenye kuta ndiyo, nyumba za fito na udongo zilikula mfinyanzi mwingi. Na huko Suffolk kuna nyumba ya Little Wenham ya miaka ya 1270 na ushee, moja ya nyumba za mwanzo kabisa za matofali Uingereza baada ya Waroma. Lakini hakuna anayechimba mita 2,320 za ujazo kwa ajili ya kukandika ukuta, halafu kwa bahati shimo likatoka mraba kamili.

#14 Ngosha wa Maswa
Mtaro siyo lazima uinue kisiwa. Mtaro ukiwa chini ya usawa wa nyumba, maji ya chini ya nyumba yanatiririkia humo. Muulize fundi yeyote wa barabara.

#15 Fundi Sifuri
Hapo Ngosha kasema kweli. Ila mtaro wa kukausha unahitaji pa kutokea maji. Hawa walikuwa wanayazuia yasitoke.

#16 Athumani wa Kibokoni
Assalaam aleykum. Mbona mnazungukazunguka? Handaki kazi yake inajulikana. Neno lenyewe limetujia kwa Kiarabu, khandaq, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi. Mwaka 627 Madina ilizungushiwa handaki kwa shauri la Salman Mfursi na maadui wakakwama. Hapa kwetu Mombasa, Fort Jesus ina handaki kavu upande wa bara, Wareno hawakulichimba kufuga bata. Handaki ni ulinzi.

#17 Bi Historia
Waaleykum salaam kaka Athumani. Kwa neno la Kiswahili uko sahihi. Sasa angalia neno la Kiingereza, *moat*. Linatoka Kifaransa cha zamani, *motte*, maana yake kilima, tuta la udongo. Yaani lilikuwa jina la kitu kilichoinuka, likahamia kwenye shimo lililobaki. Kwa hiyo ukifuata neno peke yake unaweza kutoka umeshika kichwa chini miguu juu.

Na tofauti kubwa na Fort Jesus: mahandaki mengi ya Suffolk na Warwickshire hayana hata ukuta nyuma yake. Mengine yana pande tatu tu, upande wa nne uko wazi. Jeshi la nini hilo utalizuia kwa pande tatu?

#18 Athumani wa Kibokoni
Dada, jeshi sikusema. Wezi je?

#19 Sajini Mstaafu
Hapo sasa Athumani umegusa penyewe. Nimelinda maghala miaka 22. Mwizi wa usiku hazuiwi asiingie, anazuiwa asitoke na mzigo. Mtu anaweza kuvuka maji ya kifuani akija mtupu. Kuvuka akirudi na kondoo watatu au gunia la ngano, hawezi. Handaki lina daraja moja, unaweka mbwa mmoja pale, unalala. Hata pande tatu zinatosha, unabakiwa na upande mmoja wa kulinda badala ya minne.

#20 Bi Historia
Sajini nakupa haki yako. Vijijini kulikuwa na fujo kweli miaka ile. Mwaka 1285 sheria ya Winchester iliamuru vichaka vikatwe futi 200 kila upande wa barabara kuu, majambazi wasipate pa kujificha. Na kulikuwa na magenge ya watoto wa watu wazito. Akina Folville wa Leicestershire, ndugu wa familia ya kikabaila, walimuua njiani mwaka 1326 Roger Bellers, afisa mkubwa wa hazina ya mfalme.

Lakini alikuwa njiani. Handaki lake lingemsaidia nini?

#21 Wambo wa Nairobi
Nimesoma from juu hadi hapa na nashangaa mbona hakuna ameona. Hii ni geti! Kuna mtu mtaani kwetu amejenga geti ya chuma futi kumi na mbili, ukuta nyuma ya nyumba ni wa mabati na umeanguka. Anaogopa nani? Haogopi mtu. Anataka ukipita ujue hapa kunaishi mtu si wa kuchezewa.

#22 Bi Historia
Wambo, bila kujua umeandika hoja ambayo wasomi wengi wa sasa wanaielekea. Bwana mkubwa alikuwa na ngome ya mawe yenye handaki. Aliye chini yake hana fedha ya mawe. Na hata angekuwa nayo, kujenga kuta zenye meno ya kivita kulitakiwa kibali cha mfalme, wakati kuchimba handaki peke yake kwa kawaida hakukuhitaji. Pauni saba za Fundi na unafanana na mkubwa, angalau kwa anayetazama toka barabarani.

Mfano ni Stokesay, karibu na mpaka wa Wales. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa sufu, Lawrence wa Ludlow. Hakuwa na damu ya ukabaila, alikuwa na fedha. Alipata kibali 1291, akajijengea nyumba yenye mnara na handaki, na bado ukumbi wake una madirisha makubwa ambayo mpiga mishale yeyote angeshukuru Mungu.

#23 Kipanga
Alikufa kwa mshale?

#24 Bi Historia
Alizama baharini 1294 akisafirisha sufu.

#25 Kipanga
Mtu kazungukwa na maji nyumbani, akaenda kuyafuata mengine. Haya.

#26 Mwana wa Sikonge
Kumbe hata ngome ya Bodiam ni hivyohivyo? Nilienda na watoto, handaki pana kama ziwa, nikaambiwa lilijengwa 1385 kujikinga na Wafaransa. Kwa hiyo Kipanga #4 hakukosea sana.

#27 Bi Historia
Bodiam ni ngome, siyo nyumba ya shamba. Ila hata yenyewe wanaibishania: kibali kilitaja ulinzi dhidi ya maadui, na wapo wanaosema lile ziwa lilipangwa ili mgeni aione ngome ikijitazama majini. Kipanga usifurahi sana.

#28 Kipanga
Nimeshafurahi.

#29 Nesi wa Colchester
Swali la kizembe. Maji yamesimama, yamezunguka nyumba, mita tano toka dirishani. Mbu je? Huku Essex nimeambiwa zamani kulikuwa na malaria.

#30 Mama Kibonge
Hapo sasa! Sisi tunafukia madimbwi, wao wanayachimba.

#31 Daktari Mfukoni
Malaria ilikuwepo kweli Uingereza, hasa mabwawa ya pwani ya Essex na Kent, mpaka karne ya 19. Lakini mbu wa huko alipenda maji yenye chumvichumvi ya pwani. Handaki la maji baridi la ndani ya nchi halikuwa makao yake mazuri. Halafu hakuna aliyejua kuwa ni mbu. Walidhani ni hewa mbaya, na jina malaria maana yake ni hiyohiyo kwa Kiitaliano.

#32 Nesi wa Colchester
Hewa mbaya na wamekaa juu ya maji ya kijani. Na vyoo?

#33 Bi Historia
Vyoo vingi vilimwaga humohumo.

#34 Mama Kibonge
Nafunga simu nile kwanza.

#35 Baharia Mstaarabu
Ndiyo maana wanaosema handaki lilikuwa bwawa la samaki siwaelewi. Utakula mkunga aliyekula nini?

#36 Bi Historia
Samaki walifugwa, kwa sababu Ijumaa na siku za Kwaresima nyama ilikuwa haramu na samaki wa bahari kufika bara ni kazi. Ila wenye uwezo walichimba mabwawa mengine kando kwa ajili ya samaki. Wengine walikuwa na mahandaki mawili, moja la nyumba, jingine limezunguka bustani ya matunda au zizi. Mikunga haichagui sana, kwa kweli.

Na choo kina faida kwetu sisi wachimbaji. Matope yaliyolowa siku zote hayana hewa, vitu havijaoza. Nilitoa soli ya kiatu, ngozi, mashimo ya sindano bado yanahesabika, ndogo, ya mtoto wa miaka sita au saba. Kisiwani juu tulikaa wiki mbili tukapata vigae na misumari. Kiatu cha pili hatukukiona.

#37 Dereva wa Suffolk
Huyo mtoto alichapwa siku hiyo.

#38 Bi Historia
Ndicho tulichosema sote pale shimoni.

#39 Juma Brum
Mimi nipo Birmingham, nafanya kazi usiku karibu na soko. Kuna mtaa unaitwa Moat Lane na miaka yote nilidhani ni jina tu. Baada ya uzi huu nimeuliza. Kumbe nyumba ya mabwana wa Birmingham ilikuwa pale, imezungukwa na maji, wakaifukia kama 1816 na kujenga soko la Smithfield. Nimekuwa napita juu ya handaki na troli la vitunguu.

#40 Bi Historia
Juma, kusini magharibi ya jiji lako kuna mabaki ya nyumba ya Weoley. Pale maji yalihifadhi mbao za jiko la karne ya 13, kuta kabisa. Na umekaa pazuri kwa swali letu, maana Warwickshire, hapo jirani yako, ndiko hoja zote zinakopigana.

Mto Avon unaikata wilaya hiyo. Kaskazini ni Arden, zamani misitu, mashamba yametawanyika, kila mtu kafyeka pake. Kusini ni Feldon, tambarare, vijiji vimeshikana, mashamba ya pamoja. Mahandaki yamejaa Arden. Feldon ni machache. Udongo mzito uko pande zote mbili. Haya Ngosha, kwa nini mbuga ya kusini haikuhitaji malambo?

#41 Ngosha wa Maswa
Kijiji kimeshikana, mtaro wako unaingia kwa jirani. Utagombana. Ukiwa peke yako msituni unachimba unavyotaka.

#42 Sajini Mstaafu
Kijijini ukipiga kelele watu wanatoka. Msituni ukipiga kelele anatoka bundi. Ulinzi.

#43 Wambo wa Nairobi
Msituni ndiko kuna watu wamepata shamba jana na wanataka waonekane wa zamani. Kijijini kila mtu anajua babu yako alikuwa nani, geti haisaidii.

#44 Bi Historia
Na hapo ndipo mjadala ulipo mpaka leo. Nyote watatu mna wasomi nyuma yenu. Ukweli mmoja ni kwamba Arden ilikuwa na wakulima huru wengi waliofyeka msitu karne ya 12 na 13, na mahandaki mengi yako kwenye mashamba yao, siyo ya mabwana tu. Kwa hiyo ile picha ya handaki ni la kabaila inalegea kidogo. Mimi naegemea kwa Wambo, ila sitaapa.

#45 Papa Kasongo
Bandugu, mimi niko huku Ubelgiji, Flandre. Huku nazo ziko nyingi sana, shamba kubwa za zamani zina maji yote kuzunguka, udongo ni uleule wa kukamata buti. Kwa hiyo mambo ya woga wa Waingereza peke yao haiwezi kueleza. Maji iko karibu, unachimba kidogo inakuja yenyewe.

#46 Mpemba wa Dublin
Na Ireland zipo. Zilichimbwa na walowezi waliotoka Uingereza, Wexford, Kilkenny, na nyingi ziko pembezoni mwa eneo walilolishika, ambako Wairishi walikuwa wanawarudia usiku. Huku hoja ya Sajini inasimama bila fimbo.

#47 Wambo wa Nairobi
Ireland walikuwa wamechukua shamba la wenyewe. Suffolk walimchukulia nani?

#48 Mpemba wa Dublin
Sijasema Suffolk. Nimesema shimo moja linaweza kuwa na kazi tofauti upande huu na ule wa bahari.

#49 Mwanafunzi wa Makerere
Nikichomekea: Uganda tuna Bigo bya Mugenyi, kando ya mto Katonga. Mitaro ya zaidi ya kilomita 10, mingine imekatwa kwenye mwamba, na inakadiriwa kuanzia karne ya 14 hivi, karibu wakati uleule na haya ya Bi Historia. Wazee wanasema ni ya Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi. Wasomi wamesema ulinzi, wengine zizi la ng'ombe, wengine enzi ya mtawala. Mabishano ni haya haya mnayoyafanya hapa, ila yetu ni makavu.

#50 Ngosha wa Maswa
Zizi la ng'ombe. Asante mdogo wangu.

#51 Mama Kibonge
Mmempa bichwa sasa.

#52 Fundi Bomba
Mimi handaki limeniumiza mfukoni. Mwaka juzi kampuni moja iliniajiri kuchimba njia ya bomba kwenye shamba, kumbe njia inapita mita chache toka kwenye handaki la zamani. Bosi alijua, sisi hakutuambia. Siku ya pili akaja mtu wa mazingira: humo kuna kiumbe kama mjusi wa majini, mgongo una miiba laini kama joka, tumbo la machungwa, na anaishi kwa ulinzi wa sheria. Kazi ikasimama. Siku ya tano akaja mtu wa mambo ya kale. Kazi ikasimama mara ya pili ikiwa bado imesimama. Wiki sita bila malipo kwa ajili ya mjusi.

#53 Kipanga
Handaki limezuia mvamizi. Sajini kashinda.

#54 Bi Historia
Pole Fundi Bomba. Mahandaki mengi yamo kwenye orodha ya kumbukumbu zinazolindwa na sheria ya 1979. Kwenye hayo huchimbi, na hata kupitisha mashine ya kutafuta sarafu bila kibali ni kosa. Mkuu #1 usishawishike.

#55 Dereva wa Suffolk
Sina hata muda wa kutafuta choo, sarafu ntatafutia wapi.

#56 Teresia wa Leeds
Mmesahau moto. Nyumba ya mbao, paa la nyasi, jiko la kuni. Maji yakiwa hatua tano toka mlangoni ni uhai. Sijui kwa nini hii haipewi uzito.

#57 Fundi Sifuri
Kwa moto kisima kinatosha, au kidimbwi kimoja. Huchimbi pande nne. Moto ni faida uliyoikuta, siyo sababu.

#58 Teresia wa Leeds
Kaka, nyumba yako imewahi kuungua? Yetu iliungua. Kisima kilikuwepo, ndoo ilikuwa moja.

#59 Fundi Sifuri
Pole dada. Nimerudisha maneno.

#60 Mwana wa Sikonge
Ile nyumba ya Ightham Mote kule Kent je? Jina lina neno hilohilo la handaki. Pia niliambiwa kuna kibanda cha mbwa kinacholindwa na serikali.

#61 Bi Historia
Kibanda cha mbwa ni kweli, cha mwaka 1891, kiko daraja la kwanza la majengo yanayolindwa. Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1320 hivi. Na jina wanalibishania: wengine wanasema ni handaki, wengine wanasema linatokana na neno la zamani la baraza, mkutano wa wazee. Maji yapo, jina linaweza kuwa la baraza. Ndiyo raha ya kazi hii.

Mkipenda handaki lenye kisa, nendeni Baddesley Clinton, Warwickshire. Oktoba 1591 wakati mapadri wa Kikatoliki wanawindwa, wapekuzi walifika alfajiri. Mapadri wakajificha kwenye njia ya maji machafu chini ya nyumba, ile inayotoka kwenda handakini, wamesimama majini kama saa nne nzima. Hawakukamatwa.

#62 Nesi wa Colchester
Saa nne kwenye maji ya vyoo. Na wakatoka wazima. Mimi naamini.

#63 Sajini Mstaafu
Ulinzi.

#64 Wambo wa Nairobi
Sajini, hiyo ni choo.

#65 Mzee wa Lindi
Nimesoma kimya. Baada ya tauni ya 1348 watu walikufa wengi, hapo ndipo walipochimba ili kujitenga na wagonjwa. Mbona hamlisemi?

#66 Bi Historia
Shikamoo mzee. Tarehe zinakataa. Mengi yalikuwa yameshachimbwa kabla ya 1348. Tauni ilifanya kinyume: vibarua wakapungua, ujira ukapanda, kuchimba kukawa ghali. Hata njaa kubwa ya 1315 mpaka 1317, ya mvua zisizokatika, ilikuta mengi yapo tayari. Ngosha usiidandie.

#67 Ngosha wa Maswa
Nilikuwa nimeshaandika.

#68 Mzee wa Lindi
Marahaba binti. Nimekubali.

#69 Dereva wa Suffolk
Wakuu nimerudi. Leo nilikuwa na boksi jingine la yule bibi. Nilimwomba nizunguke handaki lake, akanipa buti za marehemu mumewe na fimbo ya kuondolea bata bukini, maana wanauma. Nimepima kwa hatua zangu. Mbele, upande wa barabara na daraja, upana hatua 13. Kushoto hatua 10. Nyuma, upande wa zizi la zamani, hatua 5 tu, na pembe moja ya nyuma haina maji kabisa, unavuka kwa miguu.

#70 Wambo wa Nairobi
GETI. Mbele hatua 13, nyuma mabati. Nimesema nini mimi?

#71 Ngosha wa Maswa
Nyuma zizi. Ng'ombe wamekanyaga kingo miaka 700 wakishuka kunywa, udongo umeporomoka, handaki limejaa. Lambo lolote lina upande wa namna hiyo.

#72 Sajini Mstaafu
Pembe kavu ni mlango wa dharura. Kila lindo lina mlango wa dharura.

#73 Bi Historia
Dereva, ile pembe kavu, ardhi yake ni laini au ngumu? Kama ni laini na nyeusi, ni handaki lililofukiwa. Kama ni ngumu na ya njano, pale hapakuchimbwa tangu mwanzo.

#74 Dereva wa Suffolk
Bukini walikuwa wamesimama hapo hapo. Wiki ijayo ana boksi la mbegu, nitaenda na mkate.